Aliyefungua Kikao Yuko Nje

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Vipi mgongo, umepungua kuuma? Na mapacha, bado wanagombania kitanda cha juu? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaoniandikisha, maana kwa simu nisingemaliza.

Ulisikia nimesimamishwa kazi, hukuambiwa kwa nini. Kampuni yetu hutunza programu za wateja wengi ndani ya mtambo mmoja. Kila mteja ana chumba chake, na programu iliyo humo hupewa namba ya humohumo, ikijiona iko peke yake duniani. Ila kiini cha mtambo, kilicho nje ya vyumba vyote, kinaijua kwa namba nyingine, na hakidanganyiki.

Mteja mmoja alilalamika kuwa siri zake zinamfikia mshindani wake. Nikaagizwa kuchunguza. Chumbani mwake nikakuta programu ndogo ikinakili mafaili kimyakimya. Programu iliyoizaa ilishakufa, ikabaki yatima, ikalelewa na programu namba moja ya chumba kile. Nikauliza mtambo ni ya kikao gani, yaani mtu aliingia lini na wapi hata ikaanzishwa, nikajibiwa sifuri. Sifuri humo ndani maana yake aliyefungua kikao yuko nje, kaingilia mlango wetu sisi wafanyakazi.

Nilimpelekea mkurugenzi habari hiyo mwenyewe, kumbe najichimbia shimo. Walipotazama kutoka nje, kikao kilikuwa kimefunguliwa kwa jina langu.

Kwenye mkutano wa wakuu nilishitakiwa kuuza siri za mteja. Shemeji, aliyekaa pale na wakuu wenzake, peke yake ndiye aliyenitetea. Alisema, "Huyu mtoto nimemlea nyumbani kwangu. Kama amekosea, ni tamaa ya ujana, msameheni." Nikasimamishwa vilevile, lakini nilitoka nikilia kwa kumshukuru. Njiani ndipo neno lake lilipoanza kunikereketa: kama amekosea. Aliniombea msamaha bila kuniuliza hata mara moja kama kweli ni mimi.

Nikageuza njia. Nikamsihi mkurugenzi tutazame kikao kile kilifunguliwa kwenye kompyuta ipi, kwa kuwa kilikuwa bado hai. Haikuwa yangu. Ni ile ya ofisi ya ghorofa ya pili, yenye picha yako mezani.

Dada, ni mumeo. Nilipokuwa likizo nikimuuguza mama, aliniomba neno langu la siri ili kazi zisikwame, nami nikampa bila kufikiri, kama ninavyomwachia funguo za nyumba. Jana alinisubiri kwenye ngazi. Hakukana. Aliniambia, "Wewe huna watoto. Ungepata kazi kwingine."

Mimi nimerudishwa, yeye ameondolewa. Atakuambia kampuni imepunguza watu. Nimeona bora uusikie ukweli kwangu, hata kama utanichukia kwanza.

Wakumbatie watoto kwa niaba yangu. Kwangu kuna nafasi yenu, mkija na mabegi au bila mabegi.

Mdogo wako akupendaye,
Kijiti