Mto Mdogo wa Placide

Nyangwe, Kasongo
Tarehe 6 Desemba 1958

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Apolline,

Yambo sana, wewe na shemeji Jean-Baptiste huko Bukavu. Je, kifua kimeacha kukusumbua? Sisi tuko wazima wa mwili, Mungu ashukuriwe. Ila usingizi umenikimbia, na sina mwingine wa kumwambia.

Unajua mume wangu Placide alirudi kutoka chuo kikuu ili aupime mto Lualaba. Uani kwetu alijenga mto mdogo wa udongo na simenti, wenye kona zote na vijiji vyote. Anaumwagia maji, anatazama yanakopita. Nilimuuliza faida yake, akanijibu, "Lualaba siwezi kuuambia urudi nyuma nitazame tena. Huu naweza."

Profesa mmoja wa Ulaya ameipenda kazi hiyo. Amemwita kwake afanye utafiti wa udaktari, si wa kutibu watu, ni ule wa juu kabisa wa masomo. Wataunganisha mto mdogo kama huu na hesabu na mashine ili mafuriko yajulikane kabla hayajafika. Tulifurahi sana.

Lakini mwezi uliopita Placide aliwaonya wavuvi kwamba mvua ikiendelea, maji yatafika nyumba za chini. Aliwaonyesha kwenye mto wake. Wengine walihama, wengine wakacheka. Kisha maji yakaja pale pale alipoonyesha. Nyumba ya mvuvi Ismaël ilikwenda na mama yake mzee akiwa ndani.

Wavuvi wakaja kumchukua Placide. "Alimwaga maji kwake, mto ukamufuata," walisema. "Ni yeye anauita." Wakamfunga mikono kwa kamba za nyavu. Nilisikia mtu akisema atupwe majini, yaya, na hakuna aliyemkataza.

Sijui sauti niliipata wapi. Niliwaambia waje uani, nimwage maji mbele yao, tuone kama Lualaba utapanda. Ndipo Hawa, mke wa Ismaël, akasema, "Hapana. Wewe uko muke wake. Nitamwaga mimi."

Alimwaga ndoo nzima. Vijiji vya udongo vikazama. Wanaume walikwenda mtoni kuangalia kijiti cha kupimia alichosimika Placide. Mawingu yalikuwa meusi juu yetu. Nilimwomba Bikira Maria mvua isinyeshe, maana ingenyesha ningekuwa mjane leo. Jua lilipoanza kushuka, Bulaimu mwenye mitumbwi akarudi.

"Maji iko pale pale," alisema. "Mumufungue."

Wakamfungua. Hakuna aliyeomba radhi, nami sikudai. Hawa aliketi chini akamlilia mama mkwe wake, nikaketi naye.

Placide alitaka kuikataa safari. Ni mimi niliyemwambia aende. Atapanda meli wiki ijayo. Alitaka nirudi kwa baba huko Kabambare, lakini lazima mtu abaki kusoma kijiti kila asubuhi na kumtumia vipimo, la sivyo mto atakaoujenga huko utakuwa wa kubahatisha. Nimekubali kubaki.

Naogopa, yaya. Siku nitakayoona maji yanapanda tena, nitapaswa kwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia, kwa kinywa changu, na Placide hatakuwepo.

Mama asijue haya. Nisalimie Victorine na watoto wake, na shangazi Marcelline. Mungu awafunike kwa mkono wake, akuponye kifua. Nawe unitaje katika sala zako.

Mdogo wako akupendaye bila kuchoka,
Pascaline