Goti la Mzee Salim

Kinondoni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimekuacha? Na mahindi ya kule bondeni, mvua imeyafikia? Mie mzima kabisa, na leo angalau napumua, maana wiki iliyopita hata kushika kalamu nisingeweza.

Kazi yangu unaijua: zahanati za pembeni kama ya Pugu wanapiga picha za eksirei, programu yetu inazifikisha kwa daktari wa mifupa huku mjini. Programu hiyo hatukuiandika yote sisi. Kufungua picha ni kazi ya kitu tunachokiita maktaba: programu ambayo watu wa nchi mbalimbali wameiandika na kuiweka wazi mtandaoni. Yeyote anaichukua bure, na akiona kosa anarekebisha. Mwezi huu nilichukua toleo jipya, nikalijaribu kwa picha chache tu, nikaridhika.

Jumanne asubuhi muuguzi akalalamika kwamba picha ya Mzee Salim, mwenye duka la vitambaa, inachelewa kufunguka. Nikaifungua. Pembeni kabisa, ile herufi ya kuonyesha upande ilikuwa imegeuka kama maandishi kwenye kioo. Goti la kushoto lilikuwa linaonekana la kulia, na mzee alikuwa anapasuliwa siku hiyohiyo!

Nikapiga simu chumba cha upasuaji.

"Sista, msimpasue! Picha imegeuka."

"Unasema? Mbona ameshalazwa mezani."

"Muulizeni mwenyewe, goti lipi?"

Nikamsikia mzee kwa mbali: "Yote yananiuma, binti yangu, ila nililoangukia ni hili la kushoto."

Daktari alikuwa ameshachora alama kwenye la kulia.

Nilimwendea bosi. "Kosa ni langu. Sikujaribu vya kutosha." Nilijua nafukuzwa. Akavuta kiti. "Kaa. Kwanza tujue ni nani wengine." Tukarudisha toleo la zamani, tukapitia picha zote za mwezi mpaka macho yakauma. Wagonjwa wengine wawili picha zao ziligeuka, lakini hakuna aliyekuwa ameguswa. Mama, nililia palepale mbele ya bosi.

Kisha nikalitafuta kosa lenyewe. Kila picha hubeba maelekezo ya namna ya kuigeuza. Toleo jipya lilikuwa linaigeuza mara moja zaidi. Nikarekebisha, nikawatumia wenye maktaba. Dada mmoja anayeisimamia, sijui hata yuko nchi gani, akanijibu: "Ahsante. Umetuokoa." Wakayapokea marekebisho yangu.

Mzee Salim amepasuliwa goti linalostahili, la kushoto. Sasa anatembelea mkongojo na kugombeza wauzaji wake.

Nisalimie shangazi wa kwaya, na kaka fundi seremala, mwambie dada yake hajafukuzwa. Mama, kwenye orodha ya waliotengeneza ile maktaba wameniandika: Neema Mgaya. Baba hakuwahi hata kugusa kompyuta. Ukienda kupalilia kaburi lake, mwambie jina lake limefika huko.

Mwanao akupendaye,
Neema