Sumaku Ilipogeuzwa, Namba Haikugeuka

Kosa la wengi wanaopima kitu kidogo ni kuiamini namba ya kwanza iliyowafurahisha. Someni barua hii.

*Mshauri wangu, shikamoo, naomba unisikilize maana sina pengine pa kulipeleka hili, mimi nasoma shahada ya pili ya fizikia na kwa miezi saba nimekuwa nikipima athari ya Hall kwenye transista za utando mwembamba, mwembamba kuliko unywele mara elfu, yaani unapitisha umeme kwa urefu wa utando, unaweka sumaku juu yake, sumaku inazisukuma chaji upande mmoja, nawe ukigusa kingo mbili unapata volti kidogo mno inayokuambia chaji ni nyingi kiasi gani na zinakwenda kwa kasi gani, basi mwezi uliopita nikapata maikrovolti arobaini na mbili, kubwa ajabu, msimamizi wangu Dokta Hanifa akanikumbatia, akaniandikisha nikaieleze mbele ya wageni wa chuo Jumatatu, mama naye akaitangazia jumuiya nzima ya kanisani, lakini juzi mwenzangu wa maabara, Jumanne, akaigeuza sumaku ili chaji zisukumwe upande wa pili, nikangoja namba iwe hasi, ikaja arobaini, chanya vilevile, akacheka, "Dada Laurencia, umepima sumaku au umepima mkono wako?" maana vigusio vya kwenye kingo niliviweka mwenyewe kwa mkono, sasa nipo nyumbani, Jumanne ameahidi kunyamaza, je, niieleze tu Jumatatu nirekebishe baadaye, au niache masomo nirudi kwenye vitunguu vya baba?*

*Laurencia, Mang'ola*

Marahaba, binti yangu. Futa machozi, maana nina sifa za kukupa na nina la kukugombeza.

Jumanne amekutania, lakini amesema kweli. Kigusio kimoja kikikaa mbele kidogo kuliko mwenzake, umeme unaopita kwa urefu utaacha volti kati yao, sumaku iwepo isiwepo. Baba yako anayajua haya bila transista. Akimaliza kutengeneza jaruba la vitunguu huingiza maji ya kwanza aone yanasimama wapi. Upepo wa Ziwa Eyasi ukivuma, maji hujaa ukingo mmoja. Ni upepo, au jaruba limeinama? Anasubiri upepo ugeuke. Kinachohama ni cha upepo. Kinachobaki ni cha jembe lake.

Nawe fanya hivyo hivyo. Arobaini na mbili toa arobaini, gawa kwa mbili: moja. Hiyo moja ndiyo ya sumaku, iliyoongezwa kwanza kisha ikapunguzwa ilipogeuzwa. Arobaini na moja zilizobaki ni mkono wako.

Sasa nisikilize vizuri. Maikrovolti moja ni volti moja iliyokatwa vipande milioni, ukaokota kimoja. Betri ya tochi tu ina volti moja na nusu. Nimefundisha fizikia hapa Karatu miaka thelathini na mbili, kitu kidogo hivyo nilikichora ubaoni tu, sikuwahi kukipima. Chaji zako zinakwenda polepole mara arobaini na mbili kuliko ulivyotangaza, sawa, lakini zinakwenda, na wewe umeziona! Rudia mara hamsini, ukigeuza sumaku kila mara, na mwelekeo wa umeme pia, uone kama moja itabaki moja. Ikipotea, sema imepotea.

Linaloniudhi ni hilo neno lako, "baadaye". Baadaye lini? Baada ya mwenzako kujenga kifaa juu ya namba isiyokuwepo? Na Jumanne umemtwisha siri isiyo yake. Kijana aliyeigeuza sumaku alistahili asante, si kufungwa mdomo. Eti uache masomo kwa sababu kigusio kimekaa upande! Baba yako angeacha kilimo kwa kila jaruba lililoinama, ungekula nini ukafika huko chuoni?

Mama hatakuwa na shida. Mwambie namba mpya ni ndogo zaidi na ngumu zaidi kuipata. Jumapili atatangaza tena, kwa sauti kubwa kuliko mara ya kwanza. Na hao wageni, kama kweli ni watu wa kupima, watakuheshimu zaidi kwa hiyo moja.

Leo, kabla ya chakula cha mchana, mpigie Dokta Hanifa umwambie: ni moja.