Ukuta Hauna Eda

Msambweni,
Kwale.
14 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Hasina,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta wewe, shemeji Ramadhani na watoto mkiwa wazima huko Maskati. Goti lako limepoa? Na joto la huko limepungua, au bado mwalala na kiyoyozi mkaamka makoo yamekauka? Mimi, alhamdulillahi, mwili ni mzima. Nala vizuri, nalala kidogo, na nimenenepa, maana mtu asiyevuka kizingiti atafanya nini ila kula.

Usishangae kuona kalamu na karatasi ilhali simu ninayo. Nyumba yetu waijua: vyumba viwili, ukumbi na ua, na sauti haina pa kujificha. Ukinipigia, mavyaa wangu Bi Esha husikia hata ulichokipika. Kwa hiyo nimengoja Amin, mtoto wa kaka, apate safari yake ya kuja huko, nimtilie barua hii mfukoni. Nimemwambia akiifungua njiani nitamsomea halbadiri.

Leo ni siku ya mia na tisa tangu mume wangu Jaafar aniache. Eda yangu imebakisha siku kumi na tisa au ishirini, kutegemea mwezi utakavyoandama. Nawe uliniambia ikiisha tu nipande ndege nije nikae kwako, nishone mabuibui dukani. Najua wangoja jibu na subira si fani yako. Jibu limo humu, lakini nifuate polepole.

Kwanza nikueleze jambo ambalo kwenye simu sikuweza. Hukuwahi mazishi, na waliowahi hawalijui.

Jaafar, kama ujuavyo, alikuwa fundi wa vigae. Kila nyumba aliyoimaliza Diani au Galu alirudi na vipande vilivyobaki, vya buluu, vya kijani, vyeupe vyenye maua, vingine vimevunjika pembe. Miaka sita alivirundika uani nyuma ya tangi la maji, na nge wakazaana humo. Asubuhi ile nge mmoja alinipita juu ya mguu. Nikamgombeza mume wangu kwa sauti ya kusikika njiani: leo ukirudi uizoe taka yako hii, la sivyo nitaizoa mimi. Akatoka bila kunywa chai. Saa tano nikapigiwa simu kutoka Galu kwamba ameanguka kazini, moyo, na kabla hawajamfikisha hospitali alikuwa ameshakwenda. Nilipoingia jikoni nilikuta mahamri yake mawili kwenye kisahani, hayajaguswa. Tangu siku hiyo nimekaa na mahamri hayo kifuani.

Mama mavyaa alinisikia nikisema taka. Baada ya matanga hakunisemesha tena. Tulikula sinia moja, tukaswali chumba kimoja, na neno halikutoka. Akiwa na la kusema aliwaambia kuku ili mimi nisikie. Chumvi ikizidi, huwauliza kuku kama bahari imehamia chunguni. Nikichelewa kuamka, huwapongeza kuku kwa kuijua alfajiri. Kuku wale wamesemeshwa mwaka huu kuliko watu wengi.

Sheria ya Mungu nimeikubali kwa moyo wangu wote, usinielewe vibaya. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba huzuni ikifunikwa mahali pamoja huchacha kama tui. Ua wetu ni hatua kumi na nane kwa kumi na moja. Nyuma ya ukuta ipo njia, na nimekwisha kuwajua wapitao kwa vikohozi vyao na kwa ndara zao. Wote wana waendako. Mimi nakwenda kwenye tangi, narudi, naanua nguo ambazo bado mbichi ili nipate kuzianika tena.

Ndipo ukanitumia zile video zako za Wazungu wanaopamba nyua zao. Nilizicheka kwanza, nikasema Hasina ana shibe. Siku ya tatu nikazitazama tena. Siku ya nne nikamwita Damaris.

Damaris ni jirani yetu mpya, mtu wa bara, anafanya kazi ya dobi hotelini Galu. Ana roho safi na mdomo usiopumzika. Nilimwomba tairi kuukuu moja, akaniletea matatu, na rangi zilizobaki makopo nusu. "Mama, hizi ni za bure kabisa, hoteli walikuwa wanatupa tu," akaniambia, "hata ukitaka ndara zile bahari inatapika, mimi nitakuokotea gunia mzima." Na kweli akaniletea.

Tairi nililipaka manjano nikapanda mrehani ndani. Mama akawaambia kuku kwamba mwenye eda hatii manukato. Nikaung'oa mrehani, nikapanda mchicha. Zile ndara nilizikata samaki wadogo wadogo, wekundu na buluu, nikawatunga kwenye uzi wa nailoni nikawaning'iniza mlimauni. Upepo ukivuma walicheza vizuri, lakini kuku waliwaogopa hata wakaacha kutaga siku sita, nikalazimika kuwashusha. Lililonifaa ni jani la mpapai. Ukitaka kujaribu huko, unafanya kichuguu cha mchanga, unalilaza jani kifudifudi, unalipaka simiti nzito, unaliacha siku mbili. Ukilibandua unapata bakuli lenye mishipa yote ya jani. Jaafar aliacha nusu mfuko wa simiti, nikatengeneza mabakuli manne. Kuku wanaywea humo, ndiyo fidia yao.

Simiti iliyosalia ilinitia wazimu. Nilivitazama vile vigae nyuma ya tangi, vile nilivyoviita taka, nikaanza kuviosha kimoja kimoja. Kisha nikachora mlango kwenye ukuta wa nyuma kwa kaa la moto lililozima. Mlango, Hasina, wa kimo changu, pale pale ninapowasikia watu wakipita. Fremu kijani, mbao buluu, na kitasa cha kigae cheupe chenye ua. Nilijua fika kwamba haufunguki. Lakini kila kipande nilichokibandika nilivuta pumzi iliyofika chini.

Mama hakupenda. "Enyi kuku," akasema, "mtu amekatazwa kujipamba mwenyewe, sasa ampamba nani? Na hebu nielezeni, huyu aliyeanza kutoboa pa kutokea kabla ya siku zake, aenda wapi?" Nikajua amesikia habari za Maskati. Akamtuma mwanawe Salimu kwa ustadhi akaulize kama yafaa. Salimu aliporudi nilikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia akimpa mamake majibu ukumbini: ustadhi amesema eda ni ya mke, ukuta hauna eda. Nilicheka peke yangu chumbani, mara ya kwanza tangu Mei. Na baada ya kicheko nikalia, maana hata ukuta ulikuwa huru kunishinda.

Mlango niliumaliza mapema Agosti. Wiki ya pili ikashuka mvua ya mchoo, si kubwa, ya kunyunyiza na kuacha. Nilikuwa napepeta mchele nikasikia ta. Kisha ta, ta. Kitasa kilianguka kwanza, halafu mbao, halafu fremu yote ikabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Nilibaki na ungo mapajani. Mke wa fundi wa vigae kwa miaka kumi na tisa, na kazi yangu haikustahimili manyunyu.

Nikasikia jina langu.

"Twaiba," akasema Mama. Hakuwatazama kuku. "Ukuta hukwanguliwa kwanza. Umebandika juu ya chokaa. Chokaa haishiki kitu, yenyewe imejishikiza tu."

Nikamwuliza kama alilijua hilo tangu nilipoanza. Akasema alilijua. Marehemu mumewe alikuwa mwashi, yeye mwenyewe alimkorogea chokaa akiwa na mimba ya Jaafar. Nikamwuliza mbona asiniambie. Akasema, "Ungeniuliza."

Kesho yake tukaanza kukwangua. Yeye kwa kisu cha samaki, mimi kwa bapa la jembe, bega kwa bega, tumejaa vumbi jeupe kama waliotoka kusaga unga. Ukikwangua macho huwa ukutani, hulazimiki kumtazama mwenzio, na nadhani ndiyo sababu maneno yalitoka. Akaniambia vile vigae vilikuwa vyake. Jaafar alimwahidi baraza, la kukalia jioni akiegemea ukuta huu, na kila kipande alichokileta alimwonyesha yeye kwanza. Alimkataza mwanawe asinambie, asije mke akasema mama mtu amshughulisha mumewe. Kwa hiyo nilipoita taka, niliita taka kitu chake.

Nikamwomba radhi. Kisha nikamwambia habari ya mahamri, na kwamba mwanawe alikwenda kufa akiwa na hasira nami. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa nimechoka kulibeba.

Akaacha kukwangua. "Hakutoka na hasira," akasema. "Alipita kwangu anacheka. Akanambia, Mama, leo nimeamriwa, basi jioni twaanza baraza. Chai alikunywa kwangu, wewe ukingali uani."

Hasina, sikujua nimkumbatie au nimsukume. Siku themanini nimelala na mzigo ule, na yeye ana ufunguo wake upindoni. Nilikasirika, nakwambia kweli. Nikamwuliza kwa nini alinificha. Akasema, "Wewe una chumba chake na nguo zake. Mimi aliniachia kile kicheko tu. Nilikuwa sitaki kukigawa."

Nilichukua bapa langu nikaendelea kukwangua, naye akaendelea, hata adhana ya alasiri.

Salimu alitushushia mawe ya baraza langoni, na siku hiyo hiyo Amin akaja kuyaingiza na kuyapanga. Kabla ya kupanga, Mama alifungua pindo la leso akatoa kamba yenye mafundo mawili. Jaafar alimpimia nayo miaka sita iliyopita, na hakuitupa. Akanipa ncha moja niishike ukutani, yeye akashika fundo la pili. Ilikuwa baraza la mtu mmoja, mwembamba, na kikombe chake. Amin akataka kupigilia kigingi pale penye fundo. Mama akamzuia. Akaurefusha mkono wake, akaenda hatua moja, akaenda ya pili, kamba imekwisha naye bado aenda, akasimama. "Hapa," akamwambia. Hakunitazama, na hakusema nafasi ya pili ni ya nani.

Sasa nikujibu. Nilikaa siku nyingi nikijiuliza kama nimejengewa kiti au jela. Siku nyingine naona ni kiti. Siku nyingine, upepo ukizima na ukuta ukitoa joto, naona ni jela, tena nimeipamba mwenyewe kwa mikono yangu. Kwako kuna duka, kuna watoto watakaoniita khalati, kuna barabara ambayo hakuna anayenijua kikohozi. Navitamani vyote hivyo. Usidhani nimekuwa mtakatifu.

Lakini baraza limesimama, vigae vyake vyote vimeshikana, buluu chini na kijani ukingoni, na safari hii havianguki. Kilichobaki ni kuziba viungo, na kwa hilo yatakiwa simiti nyeupe. Salimu alijitolea kuninunulia, Damaris naye akasema ataileta kutoka kazini. Nimewakatalia wote wawili. Siku eda yangu itakapokwisha nitaoga, nitatia wanja, nitavuka kizingiti kile kwa mguu wa kulia na kwenda hadi madukani Kona ya Musa, nizongwe na watu hata nichoke. Nitainunua simiti nyeupe kwa mkono wangu. Kisha nitarudi.

Baada ya hapo Mungu ajua. Labda mwakani utanipokea uwanja wa ndege. Ila nisije kwako kama mtu aliyetoroka kwa mlango wa kuchora.

Nisalimie shemeji Ramadhani, na umwambie kiti chake cha kuegemea chataka kupakwa rangi, nimekiona nyuma yako kwenye simu. Watoto wabusie wote, na wafundishe lile bakuli la jani, ijapokuwa sijui huko mtatoa wapi jani la mpapai. Damaris hakujui lakini anakusalimu, na ananiambia kila mara nikuulize kama hoteli za huko zinachukua watu. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake, awape riziki isiyo na machozi, na atukutanishe tukiwa bado na nguvu za kutaniana.

Mama naye akusalimu sana. Anasema ukija Msambweni utapata pa kukaa, mtabanana naye kidogo. Amenituma mwenyewe, kwa kinywa chake, wala hakuwapitishia kuku.

Ni mimi nduguyo akupendaye daima,

Twaiba