Barua Niliyoiita Taka

Bhoke, wewe na chuo chako, nani alikufundisha kufuta kitu ambacho hakijasomwa? Nimekuuliza asubuhi. Nauliza tena hapa mtandaoni, watu wasome.

Leo Ijumaa. Mvua imekatika saa nne, matope yapo, na mimi sina hamu hata ya uji.

Nieleze kwa asiyetujua. Niliishia darasa la nne, naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama hapa Matongo, sisi ambao mashamba yetu yamo kwenye eneo la kupisha mgodi. Wengi wetu wana simu za kupigia tu, kwa hiyo ofisi inayosimamia uhamisho huandika barua pepe kwa anwani moja ya kikundi, na mimi huwasomea wenzangu Jumapili baada ya ibada. Bhoke ni mjukuu wangu. Amesomea kompyuta Mwanza, anafanya kazi Tarime mjini, na ndiye aliyetutengenezea hiyo anwani.

Tangu dhahabu iwaingie watu kichwani, barua za matapeli zinatujia kama inzi kwenye maziwa. Mtu usiyemjua anakuandikia kwamba ana dhahabu imekwama mpakani Sirari, umtumie kidogo aitoe, mgawane. Mwenzetu mmoja aliuza mbuzi wake kwa barua ya namna hiyo. Nikamwita Bhoke nikamwambia huu uchafu auzuie.

Akaja na kompyuta yake, akakaa pale mlangoni siku mbili. Alinieleza na nikaelewa, msinione mzee. Ipo programu inayopokea barua. Ipo nyingine, kichujio, ambayo huipima barua na kuipa alama: kubwa ni utapeli, ndogo ni barua ya mtu. Hizo mbili hazijuani. Kazi yake ilikuwa kuandika maelekezo ya kuziunganisha, ili ile ya kwanza iikabidhi barua kwa ya pili, ingoje alama, kisha ijue la kufanya.

Kichujio hufundishwa kwanza. Alinisomea barua za zamani moja moja, mimi naamua. Yenye dhahabu, taka. Yenye fidia, taka. Yenye kuhimiza kwamba tarehe inapita, taka. Za ofisi zilikuwa chache, za matapeli zimejaa, na mimi nilikuwa na hasira ya wale mbuzi.

Mwishoni akaniuliza, "Bibi, zenye alama kubwa nizifute, au niziweke kando tuzipitie?"

Nikamjibu, "Futa. Taka nayo huwekewa akiba?"

Hapo ndipo nilipokosea.

Nimeosha mchanga wa dhahabu miaka mingi kabla magoti hayajakataa. Hakuna mwanamke wa karai anayemwaga mchanga uliokwisha kuoshwa. Tunauita marudio, tunaulundika pembeni, kwa sababu mkono hukosea na maji nayo hukosea, na mara nyingi cha kununulia chumvi kilitoka humo. Kuna binti aliwahi kumwaga marudio mtoni, nikamsema mpaka akahama kisima. Kisha mjukuu wangu ananiuliza swali lile lile juu ya barua, na mimi nasema mwaga.

Jumatano Wegesa, mwenzetu wa kikundi, alikwenda kung'oa majani kwenye kaburi la mwanawe Marwa, yule aliyefukiwa na kifusi kwenye shimo la dhahabu. Mahali pa kaburi akakuta shimo jingine. Udongo mbichi, na kigingi chenye namba. Marwa amehamishiwa makaburi mapya, amebebwa na watu wasiomjua. Kwetu kaburi haliguswi mpaka mtu wa damu yake asimame pale, aseme naye, amwambie anapelekwa wapi.

Hakuna aliyemwambia Marwa.

Ofisini walimjibu kwamba barua ilitumwa kwa kikundi zamani, na asiyefika siku iliyotajwa huhesabiwa amekubali.

Wegesa alikuja kwangu jana mchana. Nikampa kiti, akakaa chini. Hakulia. Alisema, "Mama Chacha, wewe ndiye unayetusomea barua. Yangu ulimsomea nani?"

Niliinuka nikamtafutia maji. Mimi, ambaye kijiji kizima kimeshaonja ulimi wangu.

Nikampigia Bhoke, leo asubuhi akafika na matope hadi magotini. Akafungua kumbukumbu za programu. Barua zenyewe zimekwenda, hazirudi, lakini programu huandika kichwa cha habari cha kila inachofuta. Ya Wegesa ilikuwepo: kupisha mgodi, fidia, tarehe ya mwisho. Maneno yale yale niliyoyaita taka kwa mdomo wangu. Kichujio kilifanya nilivyokifundisha.

Chini yake ilikuwepo nyingine, ya Jumatatu hii, kutoka ofisi hiyo hiyo. "Makaburi, orodha ya pili." Majina yalikuwa ndani ya barua, na barua haipo.

Mume wangu amelala hatua chache tu kutoka pale alipokuwa Marwa.

Nilimfokea Bhoke mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza. Akainamisha kichwa. Jibu alikuwa nalo, kwamba aliniuliza na mimi ndiye niliyesema futa, lakini alilimeza kwa kuniheshimu. Nimelitoa mwenyewe hapa, kwa maandishi, maana mdomo wangu kwa jambo hili ni mzito. Kosa lake ni moja tu, kunitii. Langu ndilo lililomkalisha Wegesa chini.

Sasa sikiliza, Bhoke. Mpigie baba yako mkubwa Chacha kule Kehancha, upande wa Kenya, avuke mpaka leo hii. Yeye ndiye kifungua mimba, na baba yake hatatolewa pale asipokuwepo. Akishapokea, ubadilishe ule mstari unaofuta. Barua yenye alama kubwa iwekwe kando, na kila Jumamosi mimi na wewe tutayapitia marudio hayo moja moja, hata yakiwa uongo mtupu.

Kisha washa pikipiki. Tupite kwanza kwa Wegesa, nimwambie kwa kinywa changu nani alisema futa. Halafu ofisini, na hatutoki bila ile orodha kwenye karatasi.

Wanafunga saa tisa na nusu. Inuka.