Mpangaji na Pumzi Yake

Jumatatu, 2 Juni
Nepi hazikauki. Ukungu tangu Ijumaa. Nimezianika jikoni, sasa zinanuka moshi. Atu anakohoa tena. Miezi saba tu, kikohozi kama cha mzee.

Nimefagia chumba cha mpangaji. Bwana Nimal, fundi wa mashine za kukaushia chai, katokea Sri Lanka. Dirishani kaweka sanamu ndogo ya mtu aliyekaa, mbele yake ua na kikombe cha maji. Kila alfajiri anakaa mkekani, macho kafumba, dirisha wazi, anapumua tu. Nimemuuliza anaomba nini. Kasema haombi. Anaitazama pumzi inavyoingia na kutoka.

Kazi hiyo. Mimi sina hata muda wa kuchana nywele.

Alhamisi, 5 Juni
Nilikuwa namenya ndizi, yeye anasimulia. Wa kwenye sanamu si Mungu. Ni mtoto wa mfalme, kule India na Nepal zinapopakana, kabla ya Yesu. Walimfungia ndani asione shida. Siku alipotoka akaona mzee, akaona mgonjwa, akaona maiti, akaona na mtu aliyeacha vyote na moyo wake umetulia. Akaondoka kutafuta dawa ya mateso. Miaka ikapita, akaketi chini ya mti mpaka akaelewa. Ndipo wakamwita Buddha, maana yake aliyeamka.

Aliondoka akamwacha mke na mtoto mchanga! Hapo nilitupa kisu kwenye beseni. Bwana Nimal kacheka. "Hata mama yangu, dada, mpaka leo hajamsamehe."

Alichoelewa ni hiki: maisha yana mateso. Mateso yanatokana na kung'ang'ania. Yanaweza kwisha. Njia ipo, ina mambo manane: kuona sawa, kusema sawa, kufanya kazi isiyoumiza mtu, na mengine, mpaka kutuliza moyo. Nimesikiliza yote. Ila mtoto nitaachaje kumng'ang'ania? Hilo sitaki kufundishwa.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani Mama Subi hakunipa mkono. Jirani yangu ukuta kwa ukuta. Nguruwe wake kafa. Anasema alimwona mpangaji dirishani, uso umeelekea bandani kwake, anapumua.

Nikaelewa mara moja. Huku kwetu wazee wanaiita mbepo. Mtu akikukasirikia kimya kimya moyoni, pumzi yake inakufuata kama baridi, unaugua. Sasa huyu anakaa peke yake, kimya, anapumua kwa makusudi, kila siku.

Nikamweleza ni ibada ya kwao. Kanijibu mbele ya wamama, "Wewe mwenzetu unapumua bure, yeye anapumua kwa ratiba. Jiulize." Wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 10 Juni
Mawe kwenye bati, mchana kweupe. Nimetoka, hakuna mtu. Migomba tu.

Nimemuuliza Bwana Nimal kama wenzake wote wanakaa hivyo. Labda wapo wasiokaa. Kasema matawi yapo, kama sisi tulivyo na Wamoravian, Walutheri na walokole. La kwao ni Theravada, la Sri Lanka na Thailand, linashika mafundisho ya kale. Mahayana ni la China na Japani, huko mtu anaahidi kuwasaidia viumbe wote waokoke, si yeye peke yake. La Tibet, milimani, lina maombi marefu na ngoma.

Ngoma ingetufaa. Mpiga ngoma haogopwi na mtu.

Nimemwomba afunge dirisha. Kafunga. Sasa wanasema anaficha.

Alhamisi, 12 Juni
Atu kachemka tangu asubuhi. Kifua kinabonyea akivuta hewa. Nimeshamfunga mgongoni niende hospitali, mama mkwe kaingia, katoka kijijini kwake Suma. Nyuma yake Mama Subi na wanaume wa mtaa. Mama mkwe kamfungua mtoto mgongoni kwangu. Kasema sindano haisaidii kitu kama hasira bado imo moyoni mwa mtu. Kwanza mpangaji aseme kinyongo chake, ajaze maji mdomoni ayapulize chini, hasira itoke nayo, ndipo mtoto aende. Ndivyo ugomvi unavyomalizwa. Nimempigia baba Atu, yuko machimboni Chunya. Kasema msikilize mama.

Nikamvuta Bwana Nimal pembeni. Sema huna hasira, puliza, tumalize. Kasema kwao uongo ni mwiko. Akafumba macho pale pale mbele ya watu, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya begi. Mtoto anakoroma. Nilitaka kumzaba kibao.

Akafumbua. "Ipo. Ndogo. Kwa sababu ya mawe. Na mtoto akilia nikiwa nimekaa." Akapuliza maji.

Yeye alisema ukweli. Wao walisikia mchawi anakiri. "Kasema mwenyewe! Mtoto kamtaja!" Wakamsukumiza ukutani. Mama mkwe naye kageuka kutazama. Nikamnyakua mwanangu mikononi mwake, nikakimbilia bajaji. Nyuma nilisikia Bwana Nimal anaita dada, dada.

Sikugeuka.

Ijumaa, 13 Juni
Nimonia. Yuko kwenye oksijeni. Daktari kasema ningechelewa kidogo tu. Hakumalizia.

Gari la kiwandani lilimchukua Bwana Nimal jana hiyo hiyo. Wanasema jicho moja halifunguki. Nimeona aibu. Nimeona na nafuu kwamba kaondoka. Vyote viwili, kwa pamoja.

Jumatano, 18 Juni
Tumerudi nyumbani. Atu ananyonya vizuri.

Mtaa mzima umekuja kumwona. Viazi, maharage, mkungu mzima wa ndizi. Wanasema ni yale maji yaliyomponya. Chumba cha Bwana Nimal kimeshafagiliwa, sijui na nani. Hakuna aliyemtaja mpangaji.

Mama mkwe kaniletea maji kwenye kikombe. "Na wewe mwanangu, kama una neno moyoni litoe. Puliza, tukae vizuri." Wote wakanitazama. Mama Subi alikuwa kampakata Atu, anamtekenya, mtoto anacheka.

Nikajaza maji mdomoni. Hasira ninayo, na si ndogo.

Nikameza.