Kurasa Alizoziruka Mama Mkubwa

Tarehe 3 Februari

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mfikishie Mama Mkubwa shikamoo yake pia, na umwambie kwamba sweta alilonifumia bado nalivaa, ingawa kiwiko kimoja kimekata tamaa. Natumaini hamjambo, na kwamba jicho la kushoto halijazidi kukusumbua. Mimi ni mzima. Duka la miwani bado linanilisha. Kutwa nakaa chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, nakata lenzi na kuzisugua mpaka zikae kwenye fremu. Nikitoka jioni, vumbi limenipa mvi za bure.

Nisikuzungushe. Kile kitabu nimekimaliza. Nimekimaliza kweli, si kama nilivyosema mwaka juzi. Ni hadithi ya fundi viatu na binti yake, na huna haja ya kuuliza huyo fundi nimemtoa wapi. Marehemu baba angekisoma angesema mimi ni mwongo, halafu angekwenda kuwaonyesha wateja wake wote.

Mswada uko ndani ya bahasha hii. Kuna mchapishaji aliyekubali kuutazama, lakini sitaupeleka kabla hujatoa neno lako. Umesahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji mpaka ukastaafu. Ni waandishi wangapi wanatembea vifua mbele bila kujua kwamba wewe ndiye uliyewaokoa na aibu? Basi niokoe na mimi. Usinionee huruma kwa kuwa ni mtoto wa mdogo wako. Ukisema bado, naurudisha kabatini.

Binti yako,
Redio


Tarehe 12 Machi

Mwanangu Redio,

Marahaba. Hatujambo, isipokuwa macho yangu, ambayo sasa yanaona ukungu hata mchana kweupe. Daktari anasema mtoto wa jicho amekomaa, aondolewe. Nimemwambia asubiri, nina mswada. Kwa hiyo barua hii naisema mimi na anaiandika Mama yako Mkubwa. Nimemkataza kuongeza neno lake.

(Marahaba, mwanangu. Hilo sweta lilete nilitie kiraka. Mama Mkubwa.)

Tumeusoma mswada kama tulivyosoma prufu kiwandani: mmoja anasoma kwa sauti na kutaja kila alama, mwingine anasikiliza. Mama yako Mkubwa alisomea jikoni, karibu na jiko, kwa kuwa chungu hakimngoji mtu. "Baba alishika sindano mkato akaitazama mkato akacheka nukta." Jirani alibisha hodi kuuliza kama kuna mgonjwa.

Sasa makosa. Neno "ghafla" limejaa humo kama inzi. Tangu nioe, katika nyumba hii hakuna kilichotokea ghafla.

(Ila wageni wake.)

Mtu akisema, mwache aseme. Usituambie kwamba amesema kwa hasira wakati maneno yenyewe yamekwisha kukasirika. Katika sura ya pili, mteja anaingia kibandani mara mbili bila kutoka. Mtoe nje kwanza. Kuna sentensi moja ya mwanzo niliyokuwa nimeikata, kisha nikatubu. Kiwandani, sentensi iliyokatwa kimakosa tuliiwekea nukta chini yake na kuandika pembeni "Ibaki". Mimi niliandika neno hilo kwa nadra, maana kwa kawaida sikati kimakosa.

Hukumu yangu ni hii. Nimetafuta mafuta ya kupunguza, sikuyaona. Kitabu kinatembea, hakisimami kujitazama kwenye kioo. Sijapata kumwambia mwandishi yeyote maneno haya. Kipeleke, na usikubali mtu aguse hata sentensi moja.

Nakushukuru kwa kuniletea kazi. Nilidhani kazi imekwisha kunisahau.

Baba yako mkubwa


Tarehe 20 Mei

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama Mkubwa. Poleni kwa kimya changu. Mimi sijambo kwa mwili. Barua yenu niliisoma nyuma ya pazia, na fundi mkuu wa duka akaniuliza kama vumbi la lenzi limeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo.

Mchapishaji amejibu. Wanakitaka kitabu, lakini si kilivyo. Mhariri anasema katikati pananepa. Safari ya treni itoke yote. Hotuba ya mwalimu mkuu itoke. Na ile mvua ya sura ya saba, anasema imenyesha mpaka wasomaji wameloa. Nikikubali, niwarudishie mwishoni mwa Julai nao watachapa. Nikikataa, tumeagana kwa amani.

Baba Mkubwa, treni ile nimeiandika upya mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote! Na wewe ulisema asiguse mtu. Kwa hiyo nimeandika barua ya kukataa. Nimeifunga, nimeibandika stempu, iko ndani ya mkoba. Fundi mkuu ananiambia, "Wewe dada una wazimu. Watu wanaililia nafasi hiyo." Nimemwambia yeye abaki na fremu zake, vitabu aniachie.

Lakini nikifika kwenye sanduku la posta mkono unakataa. Kama nikiikosa nafasi hii, sijui kama nitapata nguvu ya kuandika kingine. Nipe neno moja tu, niposti.

Binti yako,
Redio


Tarehe 2 Juni

Redio,

Usiposti. Salamu utazikuta chini.

Treni gani?

Ndivyo nilivyomuuliza Mama yako Mkubwa aliponisomea barua yako. Nikasema, "Kitabu hakina treni." Akaenda kukoroga chungu. Unamjua, akikoroga badala ya kujibu ujue kuna jambo. Nikasema, "Mama, treni iko wapi?"

Akasema, "Imepita."

"Imepita wapi?"

"Imepita tu, mzee wangu. Ilikuwa ndefu, na mimi nilikuwa na chungu motoni."

Mwanangu, alikuwa anaruka. Ameruka treni, injini na mabehewa yake. Ameruka hotuba nzima ya mwalimu mkuu. Mvua ameniachia matone mawili. Kiwandani, aliyeruka mstari mmoja aliitwa ofisini na mlango ukafungwa. Huyu karuka kurasa kwa kurasa, na bado ananiuliza kama nataka chai.

(Na aliinywa.)

Nilikasirika kutwa. Kesho yake nikamwambia anisomee alivyoviruka. Tukaanza na treni. Redio, nilisinzia. Nilipoamka tulikuwa bado hatujafika kituo cha kwanza. Tukajaribu hotuba, nikamwomba aache. Alikuwa hajatia hata neno lake moja kitabuni mwako. Alikuwa amekiondolea tu pale kilipokuwa kinajisikiliza. Mhariri wako naye, ambaye hamjui huyu mama wala jiko lake, amelalamikia mahali pale pale.

Ameniorodheshea pia vipande vidogo, nami naviambatisha. Cha mwisho ni ukurasa mmoja kuhusu kiatu, karibu na kifo cha fundi. Nimemuuliza huo aliuruka kwa nini. Kasema ni chungu tena. Sikutaka anisomee, nilikuwa nimechoka kusinzia.

Basi hukumu yangu siifuti, ila naihamisha. Nilichokisifu ni kitabu ambacho bado hujakiandika. Kiandike. Toa kila alichokiruka, usibakize kitu kwa kukihurumia. Barua iliyo mkobani ichane, na mhariri umshukuru.

Sisi hatujambo. Natumaini wewe pia, baada ya haya.

Baba yako mkubwa


Tarehe 27 Juni

Baba Mkubwa na Mama Mkubwa,

Shikamooni. Nawaandikia pamoja maana sasa sijui nani ndiye msahihishaji wangu.

Siku ya kwanza nilinuna. Siku ya pili, nikiwa kazini, nikakumbuka "Imepita", nikacheka peke yangu mpaka mteja akachungulia nyuma ya pazia. Barua nimeichana. Stempu niliibandua kwanza, ndiyo hii iliyo juu ya bahasha.

Treni nimeitoa. Nilidhani ningeumia, lakini sura ya nne na ya sita zilikutana kana kwamba zilikuwa zinatafutana siku zote. Lenzi hutufikia ikiwa kipande cha duara, kikubwa kuliko fremu yoyote. Kutwa nakata, nasugua, na sijawahi kumsikia mteja akiulizia vumbi. Kazi hii naifanya kwa mikono kila siku, sijui kwa nini sikuifanya kwenye karatasi.

Ukurasa wa kiatu nimeutoa pia. Huo mhariri hakuugusa, nami niliupenda kuliko yote. Lakini kama hata Mama Mkubwa ulimchosha, nani atakayeuvumilia? Umeniambia nisihurumie, sijahurumia.

Baba Mkubwa, nenda sasa kwa daktari. Visingizio vimekwisha. Jicho likipona nitakukatia lenzi za kusomea kwa mkono wangu.

Asanteni. Kuna waliosomewa na maprofesa. Mimi nimesomewa jikoni, na sioni nilichokosa.

Binti yenu,
Redio


Tarehe 6 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Baba yako mkubwa yuko hospitali, jicho moja limeshatengenezwa, na la pili ni keshokutwa. Amefungwa bandeji na anawasahihisha wauguzi matamshi. Kwa hiyo leo naandika yangu, wala si kwenye mabano.

Ningekupigia simu lakini ningelia, na ukisikia mtu analia kwenye simu unadhani kuna msiba.

Ule ukurasa wa kiatu urudishe.

Treni ilinichosha, na hotuba ilinichosha zaidi. Hayo sitaki kuficha. Lakini ule sikuuruka kwa uchovu. Niliusoma kimya, mara ya kwanza, mara ya pili, na chungu kikaungua kwelikweli. Nikaona nikiusoma kwa sauti sitaumaliza, na mzee wangu atasikia. Alikuwa hajawahi kumlilia mdogo wake mbele yangu. Nikamwambia tu, "Sura inayofuata."

Umeandika kwamba mwanamke mmoja alikuja kuchukua kiatu chake wiki ile ya mazishi, na binti wa fundi akakimalizia mwenyewe kwa sindano ya baba yake. Umeandika kwamba yule mwanamke alivaa akaondoka bila kusema kitu. Mwanangu, alikuwa na la kusema. Alishindwa.

Kiatu kile ninacho. Sijakivaa tena tangu siku ile, maana soli ingekwisha.

Weka zile nukta za baba yako mkubwa chini ya ukurasa wote, uandike lile neno lake. Fanya haraka, Julai haikai.

Mama yako mkubwa


Tarehe 11 Februari

Baba Mkubwa na Mama Mkubwa,

Shikamooni. Mnaendeleaje? Mimi sijui hata kama nimelala wiki hii.

Kimetoka. Fundi mkuu amekiweka dirishani, katikati ya fremu za kisasa, na kila mteja anayeingia anaambiwa, "Huyo aliyeandika yuko nyuma ya pazia pale." Mmoja alitaka kuniona. Nikatoka na mvi zangu za vumbi. Akasema, "Nilidhani waandishi ni wakubwa kidogo."

Mhariri amenitumia nakala na maneno haya: "Uliponirudishia, nilidhani umetafuta msaada wa mtaalamu." Nimemjibu kwamba ndiyo, na chungu kiliungua.

Nakala yenu imo ndani ya kifurushi, pamoja na miwani ya Baba Mkubwa. Ukiivaa, anza na ukurasa wa mbele kabisa, ule wenye mstari mmoja. Ameusoma mhariri akauliza kama kuna kosa. Nimemwambia hakuna.

Mama Mkubwa, barua yako ya Julai ilinifikia. Siwaambii zaidi. Fungueni.

Asanteni kwa kila kitu, na kwa vile mlivyovinyamazia pia.

Binti yenu,
Redio


Tarehe 2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo kabisa. Mwandiko huu ni wangu, na ukiona mistari imenyooka, sifa ni za lenzi zako. Naona hata inzi aliye upande wa pili wa dirisha. Naona pia kwamba Mama yako Mkubwa amezeeka. Nimemwambia, naye ameniletea kioo.

Mstari wa ukurasa wa mbele tumeusoma. "Kwa Baba Mkubwa aliyesikiliza, na Mama Mkubwa aliyeruka." Ameuonyesha mtaa mzima, na sasa jirani anadhani alikuwa mwanariadha.

Jioni mimi ndiye niliyemsomea, pale pale jikoni. Nilianza kwa kutaja alama, kama ilivyo sheria. Kabla sijamaliza aya ya kwanza akasema, "Mzee wangu, soma kama mtu." Nikasoma kama mtu. Hakuniambia niruke hata mstari.

Jana tulifika kwenye kiatu. Nilimwona akizima jiko. Nikasoma pale unaposema sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye soli, na uzi unaning'inia, na binti akauchukua pale mkono wa baba yake ulipouachia. Nilipofika hapo nilivua miwani nikaifuta, nikashindwa kuirudisha. Akanichukulia kitabu mikononi, akanisomea mpaka mwisho, polepole, akilia, asiache neno.

Kisha akaenda chumbani akarudi na kiatu. Sikuwahi kujua kwamba anacho. Nilivaa miwani yako nikakipeleka kwenye mwanga. Mishono ya mdogo wangu naijua. Imekwenda sawa kama chapa. Halafu inafika mahali inaanza kuyumba, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mwingine umerudi nyuma ukajikanyaga. Nikapitisha kidole kutoka kwake kuja kwako. Nilikaa hapo mpaka Mama yako Mkubwa akawasha jiko tena.

Nakala yangu ina alama zangu, kama unavyotarajia. "Ghafla" limeponea mahali pamoja na nimelikamata. Lakini katika ukurasa wa kiatu nimetia wino chini ya kila mstari, nukta kwa nukta, tangu juu mpaka chini, na pembeni nimeandika neno lile ninaloliandika kwa nadra.

Ibaki.

Baba yako mkubwa